Miti yetu ndani ya kompyuta

Muzee anapokufa, mara nyingi anaenda na dawa zake. Kwa hiyo tusikatae upesi kazi ya wale wanaoandika miti ya Afrika ndani ya kompyuta. Tuipime kwanza.

Tutwae akiba moja ya habari, ConMedNP, iliyotangazwa mwaka wa 2014 na watafiti wa Kameruni pamoja na wenzao wa Ujerumani. Walipekua maandishi ya wataalamu, wakakusanya molekuli karibu 3200 kutoka aina 376 za miti ya dawa ya Afrika ya Kati. Kompyuta inapima kila molekuli: uzito wake, tena kama inaweza kupita vizuri mwilini. Faida yake ni kubwa. Laboratwari isiyo na pesa inaweza kuchagua chache kati ya maelfu, bila kukata miti ovyo. Hilo tunalisifu kabisa.

Lakini kuko upungufu. Tuangalie mubirizi, ule muti muchungu unaojulikana sana kwetu Kivu. Wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Wengine leo wanaandika Gymnanthemum amygdalinum. Ndani yake walipata vernodalini na vernolidi. Vema. Ila molekuli peke yake haisemi kama ni jani ao ni muzizi, kama linasuguliwa na maji baridi ao linapikwa. Mwanafunzi wetu mumoja alienda kumuuliza bibi yake juu ya muti huo. Bibi akamujibu: "Kabla ya kuchuma, uliza kwanza nani anagonjwa." Neno hilo litaandikwa katika safu gani?

Kweli, iko akiba ingine, PRELUDE, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Yenyewe inaandika majina ya kienyeji na namna ya kutayarisha dawa. Basi moja inashika molekuli, ingine inashika maarifa ya wazee, na sisi tunaenda kusoma ya kwetu kwa wengine. Mapatano ya Nagoya ya mwaka wa 2010 yanataka faida igawanywe na wenyeji. Sawa, lakini tutadai namna gani kitu ambacho sisi wenyewe hatukukiandika?

Ndiyo maana tunaomba wenzetu walimu: kila darasa liwe na daftari moja. Tuandike jina la kwetu, sehemu ya muti, namna ya kutayarisha, na jina la muzee aliyesema, kwa ruhusa yake. Siri anayokataa kutoa, tuiache kwake. Siku watafiti watakapokuja na kompyuta zao, wakute daftari liko na mwenyewe.