Chekeche Linalopitisha Kizito

Katika hidrojeni ya majini, atomi moja tu kwa kila 6,400 hivi ni deuteri. Kiini chake kina nyutroni moja ya ziada, basi. Molekuli za deuteri na za hidrojeni ya kawaida zina umbo na unene uleule, kwa hiyo ukizikeneka katika baridi ya kelvini 24, kila hatua huongeza uwiano wa deuteri kama mara moja na nusu tu.

Mwaka 1995 Beenakker, Borman na Krylov walipendekeza hila nyingine: zibane. Kwa fizikia ya kwanta, molekuli iliyobanwa haitulii hata baridi iwe kali vipi, na iliyo nyepesi ndiyo hutikisika zaidi. Kwenye tundu jembamba mno, hidrojeni huwa kana kwamba imevimba. Deuteri, nzito maradufu, hupenya. Chekeche la unga hupitisha laini likazuia pumba. Hili huzuia chepesi.

Kwenye karatasi ilipendeza. Maabarani ikakwama, kwa sababu tundu lenye wembamba wa kutosha kuchagua halina nafasi ya kuhifadhi gesi.

Mwaka 2019 kundi la Andrew Cooper wa Chuo Kikuu cha Liverpool, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart, walitumia molekuli za kikaboni zilizo tupu ndani, mithili ya vizimba vyenye madirisha manne. Baadhi ya vizimba hivyo walivifunga kwa ndani kwa vikundi vidogo vya atomi hadi vikawa na upenyo finyu. Vikachagua vizuri, ila vikabeba kidogo. Ndipo wakavichanganya na vizimba vipana katika fuwele moja. Aina moja ilikuwa na umbo la mkono wa kulia, nyingine la mkono wa kushoto, vikajipanga dirisha kwa dirisha: vyembamba vinachuja, vipana vinahifadhi. Kwenye kelvini 30, mchanganyiko wa gesi hizo nusu kwa nusu uliacha humo deuteri nane kwa kila hidrojeni moja, na fuwele ikabeba milimoli 4.7 za deuteri kwa gramu.

Ufundi huo naukubali bila kusita. Ila kelvini 30 ni nyuzi 243 chini ya sifuri, na huko naitrojeni yenyewe imeshaganda. Mwaka 2017 watafiti walitumia vitundu vyenye atomi za shaba, ambazo huishika deuteri kwa nguvu zaidi kuliko hidrojeni, wakapata uwiano wa 11 kwenye kelvini 100. Baridi hiyo naitrojeni kimiminika inaiweza. Kwa mwenye kiwanda, shaba ndiyo ya kuanza nayo.