Padre Brown na Mwizi Wake

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wamezoea wapelelezi wawili wasiofanana. Sherlock Holmes ana Dakta Watson. Katika Kiswahili, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana Najum. Mmoja ana akili kali, mwingine anashangaa kwa niaba yetu sisi wasomaji. Lakini wote wawili wako upande mmoja tangu mwanzo. G. K. Chesterton, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1874, alifanya jambo jingine. Alimchukua padre mfupi, mwenye uso wa mviringo na mwavuli unaomponyoka kila mara, akampa mwizi awe mwenzake.

Mwizi huyo ni Flambeau, Mfaransa mrefu kupita futi sita, mwenye nguvu za ajabu. Tunapokutana naye mara ya kwanza, katika hadithi iliyotoka mwaka 1910, amevaa mavazi ya upadre ili amwibie Padre Brown msalaba wa thamani. Kufikia hadithi ya tano ya kitabu cha kwanza, The Innocence of Father Brown cha mwaka 1911, Flambeau ni mpelelezi wa kujitegemea jijini London, na padre ni rafiki yake.

Nimezijadili hadithi hizi na waamini wenzangu, na malalamiko yanayorudi ni mawili. La kwanza ni kwamba Flambeau anaongoka upesi mno. La pili ni zito zaidi: padre anamwachia mwizi aende zake. Je, hiyo ni haki?

Tuanze na la kwanza. Katika hadithi ya msalaba Flambeau hatubu hata kidogo, anashindwa tu. Padre anamtambua kuwa si padre wa kweli kwa sababu alipozungumza aliidharau akili ya mwanadamu, na hakuna teolojia safi inayofanya hivyo. Flambeau anashangaa vilevile kuona padre anazijua mbinu za wezi kuliko yeye mwenyewe. Maelezo ya padre ni mepesi: mtu anayeshinda akisikiliza maungamo ya watu hawezi kuwa mgeni wa uovu.

Wanakutana tena hotelini, ambako klabu ya matajiri inakula chakula cha jioni. Flambeau amevaa suti nyeusi. Mbele ya matajiri anatembea kama mhudumu, na mbele ya wahudumu anatembea kama tajiri, hakuna anayemshuku. Padre, akiwa ameketi chumba cha pembeni, anaisikia miguu hiyo inayobadilisha mwendo na kugundua kinachoendelea. Anamkabili mwizi peke yake, wanazungumza, na visu na uma za fedha vinarudishwa. Mwizi anaondoka akiwa ametubu.

Halafu anaiba tena. Katika mpangilio wa kitabu, hadithi inayofuata inatukuta siku ya pili ya Noeli, na Flambeau ameiba almasi katikati ya mchezo wa kuigiza wa familia moja. Hapa ndipo lalamiko la kwanza linapopoteza nguvu. Mtu aliyetubu, akaanguka, akarudi tena: ni nani kati yetu asiyeijua njia hiyo? Kwenye kitubio wengi wetu tunapeleka dhambi zilezile za mwezi uliopita. Katika tamthilia ya televisheni ya BBC iliyoanza mwaka 2013, Flambeau anaendelea kurudi akiwa mwizi, maana mwizi mchangamfu anafurahisha watazamaji. Chesterton alichagua lililo gumu zaidi kuandika, yaani mwizi anayeacha.

Anaachaje? Usiku ule wa almasi Flambeau amejificha juu ya mti bustanini, na padre anasimama chini akizungumza naye. Msomaji wa Injili hawezi kukosa kumkumbuka Zakayo. Ila hapa aliye mfupi ni yule anayeita, na jitu refu ndilo lililoko mtini. Padre hamtishi kwa polisi wala kwa moto wa jehanamu. Anamweleza kwamba mwanadamu anaweza kubaki katika kiwango fulani cha wema, lakini katika ubaya hakuna kiwango cha kusimama. Njia inazidi kuteremka. Kisha anamtajia kijana mmoja maskini, mchumba wa binti wa nyumba ile, ambaye tuhuma za wizi huo zinamwangukia. Almasi zinaanguka chini kwenye majani.

Hilo linatupeleka kwenye lalamiko la pili, la haki. Tazama kilichomwangusha Flambeau: ni mtu asiye na hatia ambaye angebeba mzigo wake. Padre hakumsahau aliyedhulumiwa; alimweka mbele ya macho ya mwizi. Na mara zote mali inarudi. Toba tunayofundishwa ina malipizi ndani yake, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne. Kuhusu kumkabidhi mtu kwa polisi, mwamini anajua kwamba siri ya maungamo haivunjwi kwa lolote.

Hata hivyo, sitaki kumsifu Chesterton kupita kiasi. Katika hadithi nyingine muuaji anapita mbele ya watu wanne walioagizwa kulinda mlango, nao wanaapa kwamba hakuna aliyeingia. Alikuwa amevaa sare za mtu wa posta, na mtu wa posta hahesabiwi kuwa mtu. Ni fundisho kali juu ya wale tunaowapita kila siku bila kuwaona. Lakini mwandishi huyohuyo, katika kitabu cha pili cha mwaka 1914, ana hadithi inayowachora watu weusi kwa dharau, kana kwamba uchawi na ukatili ni asili yao. Padre na Flambeau wote wamo katika hadithi hiyo, na hakuna anayepinga. Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kusema kwamba hapo Chesterton alikuwa mmoja wa wale walinzi wanne.

Kitabu cha mwaka 1927 kinatupeleka Hispania, ambako Flambeau sasa ana mke na watoto. Mgeni kutoka Marekani anamuuliza padre siri ya upelelezi wake. Padre anasema kwamba mauaji yote aliyoyachunguza aliyatenda yeye mwenyewe, kwa maana kwamba aliingia moyoni mwa muuaji mpaka akaiona njia ambayo hata yeye angeweza kuipita. Ndipo Flambeau anapojitambulisha kwa mgeni kuwa ndiye yule mwizi aliyesakwa Ulaya nzima. Mahubiri ya watu wema hayakumgusa, anasema. Aliacha kwa sababu rafiki huyu mmoja alijua kwa nini aliiba.

Tunaishi mahali ambapo mtu akipigiwa kelele za mwizi sokoni anaweza asifike kituo cha polisi akiwa hai. Na akifika, akafungwa, akamaliza kifungo chake, anarudi mtaani kwetu. Jumapili anakaa benchi la nyuma, nasi tunashika mikoba yetu. Katika jumuiya hakuna anayempa kazi hata ya kupalilia. Flambeau alipoacha wizi alipata vitu viwili: kazi iliyotumia ujuzi wake, na padre aliyeendelea kumtembelea miaka yote bila kuficha mwavuli wake.