Kukariri Sura za Kurani: Fadhila, Matini na Maana

1. Suala

Katika maandishi ya dini ya Kiswahili kuna aina moja inayojulikana na kila Mwislamu wa Afrika ya Mashariki na ya Kongo ya mashariki: vijitabu vya fadhila. Mpangilio wake haubadiliki. Hutajwa sura, huongezwa idadi ya kuikariri, kisha huandikwa faida yake. Yasini husomwa kwa ajili ya wagonjwa mahututi na maiti. Al-Mulk, yenye aya 30, husomwa kabla ya kulala. Al-Kahf husomwa siku ya Ijumaa. Al-Waqia husomwa ili kuepuka ufukara. Wema wa desturi hiyo hauhitaji kutetewa hapa. Linalostahili kuhakikiwa ni namna inavyoelezwa. Je, maelezo hayo yanatenda haki kwa msomaji na kwa matini yenyewe?

2. Uzito wa mapokezi

Kasoro ya kwanza ni kuchanganya mapokezi yenye nguvu na yaliyo dhaifu. Hadithi inayosema kuwa Al-Ikhlas inalingana na theluthi ya Kurani imo katika mkusanyiko wa Bukhari. Kinyume chake, ile inayoiita Yasini moyo wa Kurani ilipokelewa na Tirmidhi, naye mwenyewe akaieleza kuwa ni ngeni, tena mpokezi wake mmoja hajulikani. Mapokezi ya Al-Waqia kuhusu ufukara nayo yamehesabiwa na wanavyuoni wa hadithi kuwa dhaifu. Katika vijitabu, yote hayo husimama safu moja, kama kwamba yana mizani moja.

Jambo hilo si la wataalamu peke yao. Mtu aliyeahidiwa riziki kwa kukariri Al-Waqia kila usiku, kisha akabaki katika umaskini wake, hubakiwa na njia mbili tu: kuishuku dini yake au kujishuku nafsi yake. Zote mbili zinatokana na ahadi ambayo mwandishi hakuwa na haki ya kuitoa kwa uhakika namna ile.

3. Matini yenyewe

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: vijitabu hivyo huorodhesha faida bila kuitazama sura inasema nini na inasemaje. Ilhali faida ya kiroho imo ndani ya umbo la maneno yenyewe.

Mfano ulio wazi ni Al-Fatiha. Mwenye kutimiza sala tano huikariri si chini ya mara 17 kila siku, kwa kuwa rakaa za faradhi ni 17. Aya za mwanzo zinamtaja Mungu katika nafsi ya tatu. Kuanzia aya ya tano maneno yanageuka, na msomaji anamkabili Mola katika nafsi ya pili. Mgeuko huo, ambao wanabalagha wa Kiarabu huuita iltifati, ndio kiini cha sura. Kila anayeikariri huhamishwa kutoka kusema juu ya Mungu hadi kusema naye. Kiswahili kina chombo kizuri cha kuudhihirisha, yaani kiambishi cha mtendwa -ku- ndani ya kitenzi, na kwa hiyo mgeuko huo unasikika hata katika tafsiri.

Ar-Rahman, kwa upande mwingine, inaonyesha mpaka wa tafsiri. Katika aya zake 78, swali moja linarudiwa mara 31, nalo linaelekezwa kwa makundi mawili, watu na majini, kwa umbo la uwili la Kiarabu. Kiswahili hakina uwili wa kisarufi. Mfasiri akiutaja kwa neno la nyongeza, aya inakuwa nzito. Akiuacha, nusu ya hadhira inapotea. Vina vya Kiarabu navyo havihamishiki. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kibwagizo katika mashairi, anatambua mara moja kazi ya marudio hayo. Kila neema inapotajwa, swali linarudi, na kinywa kinachouliza ni cha yule yule anayeulizwa. Hapo ndipo penye faida, nayo haimo katika jedwali lolote.

4. Asiyefahamu Kiarabu

Hoja hiyo inaleta ugumu. Huko Maniema, ambako Uislamu na Kiswahili viliingia pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, watoto wa chuoni huanza na juzuu ya mwisho, yenye sura 37. Wengi huihifadhi kabla ya kufahamu neno moja. Je, kisomo chao ni bure?

Kusema hivyo ni kukosa insafu. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa anayesoma kwa kutatizika ana malipo mawili. Lakini Kurani yenyewe, katika sura ya 38, aya ya 29, inasema imeteremshwa ili aya zake zizingatiwe. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliziunganisha pande hizo mbili: katika Ihya aliweka adabu kumi za nje za kisomo, kisha kumi za ndani, akayafanya mazingatio kuwa lengo. Kuhifadhi, basi, ni mlango wala si nyumba.

Mlango huo ulifunguliwa kwa Kiswahili na tafsiri kadhaa, hasa ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, iliyoweka Kiarabu na Kiswahili pamoja na maelezo. Lakini Kiswahili chake ni cha Unguja, chenye msamiati mwingi wa Kiarabu. Kwa msemaji wa Kingwana, lugha iliyokusudiwa kumfafanulia huhitaji nayo ufafanuzi. Hapo isimu ina deni lake: faharasa ya maneno ya juzuu ya mwisho kwa matumizi ya Kongo ingefaa zaidi kuliko orodha nyingine ya fadhila.

5. Hitimisho

Miongoni mwa sura ambazo mtoto huhifadhi mapema ni Al-Maun, yenye aya saba tu. Inamshutumu anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini, kisha inawageukia wanaosali kwa ghafla na ria huku wakiwanyima wenzao msaada mdogo. Mtu anaweza kuikariri kila siku kwa tajwidi safi, na jioni akamnyima jirani sufuria ya kuazima. Sura hiyo haimwahidi msomaji wake kitu, inamhukumu. Uhakiki wowote wa faida za kisomo usioweza kuieleza Al-Maun bado haujaanza kazi yake.