Jino Lisilojulikana

Nililivunja jino la mbele kwa upuuzi: nilifungua soda kwa meno, kona ikabaki kwenye kizibo. Wiki mbili nzima nikawa nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Nilidhani daktari angeanza na mashine. Alianza na macho. Alibandika vitone vya kompoziti, ile resini ya kujengea jino, juu ya jino la jirani, akavimulika, akachagua rangi upesi, mate yangali yapo. Jino likikauka huwa jeupe kuliko lilivyo, na fundi asiyelijua hilo atalinganisha na weupe wa uongo.

Asidi ya fosforiki aliyonipaka ina historia yake: mwaka 1955, huko Marekani, Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikichubuliwa kwa asidi hushika resini. Resini ya kisasa ikaja na Rafael Bowen, aliyepata hataza mwaka 1962. Lakini gundi kila kliniki inayo.

Ufundi uko kwenye rangi, maana jino si jeupe. Simama dirishani na kioo ulichungulie: kwenye fizi lina umanjano, tumboni limeshiba, nchani linapitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, na buluu kwa mbali. Donge la rangi moja haliwezi kuwa hivyo. Kwa hiyo alijenga ganda jembamba kwa nyuma, akafuatisha rangi nzito ya dentini, ukingo wake akauchonga vijidole vitatu. Jino la jirani lina doa jeupe, dogo kama chenga ya mchele. Akalidondosha na hapa, ndipo akafunika kwa enameli. Kila tabaka halikuzidi milimita 2, na kila moja lilipigwa mwanga wa buluu likagandishwa.

Nikajua tumemaliza. Jino laini, linang'aa. Mimi ningelipa nikaenda zangu. Yeye akatoa penseli, akachora mistari juu yake, akaanza kulikwaruza vijifereji ambavyo hata ulimi hauvihisi. Wapo wanaolipia weupe wa sahani, na wapo wanaoziba mwanya ambao bibi zao waliusifia. Pesa ni zao. Mimi nilikuwa nalipia doa.

Akaniagiza nirudi kung'arishwa chai ikishalitia rangi.

Jioni, mezani, dada yangu alinikodolea macho kitambo.

"Umenyoa?" akauliza.