Ufundi wa Kulea Paka Yatima

Kitoto cha paka kilichookotwa uvunguni mwa ghala, kimepoa na macho hayajafumbuka, hakipewi maziwa kwanza. Bibi mmoja wa Mamboya, Ukaguru, ambaye majirani humpelekea kila kinachookotwa, hukitia kifuani ndani ya khanga mpaka kipate joto, maana tumbo lililopoa halisagi chakula. Ndipo huchovya kitambaa safi katika maziwa ya mbuzi ya vuguvugu na kukinyonyesha kikiwa kifudifudi. Ukikilaza chali, maziwa hukipalia na kuingia mapafuni. Kikishiba, hukipangusa chini ya mkia kwa pamba yenye maji, polepole, jinsi mama yake angekilamba, mpaka kikojoe. Wiki 3 za mwanzo hakiwezi kukojoa chenyewe. Usiku huamka tena na tena. Hakuna anayemlipa.

Mikono ya namna hii ilikuwa mingi Ukaguru, mahindi yalipokaa kihengeni na kila kihenge kikawa na paka wake. Panya shamba, hao ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamewafuatilia miaka nenda miaka rudi, jike mmoja huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mkupuo. Mvua zikikubali, wanafurika. Paka wa nyumba haingwa, walisema wazee, nao walikuwa na sababu zao.

Siku hizi tunanunua sumu ya panya sokoni. Panya anakula, anapepesuka, paka anamdaka bila jasho, na sumu inampata naye. Panya wakirudi tunaongeza sumu! Paka akizaa, vitoto hutiwa kwenye kiroba vikatupwa mtoni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini sijasikia mtu akiulizwa habari za kiroba.

Kule Lamu paka wa mitaani wana zahanati, wanatibiwa na kufungwa kizazi. Sisi tuna bibi huyu na magoti yake yanayouma. Wajukuu wako mjini, na hakuna aliyekaa naye akajifunza.

Wewe uliye Mamboya, ukiweka sumu msimu huu, amka alfajiri uwaokote panya waliokufa, uwafukie katika shimo refu kabla paka hajawafikia. Na ukimpelekea bibi kitoto, usiondoke kabla hajakuonyesha namna ya kukishika.