Sarri Aligeuka, Kepa Akashinda

Tuanze na mgongo wa Maurizio Sarri, kocha wa Chelsea wakati huo, maana ndio ulioiaibisha timu yake pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Jumapili ya Februari 24, 2019.

Kipa wake, Kepa Arrizabalaga, alikosea kugoma kutolewa, nani asiyejua? Kibao kikinyanyuliwa kina namba yako, unatoka, hasira utazimalizia vyumbani. Lakini kijana wa miaka 24 akigoma, kumshusha ni kazi ya kocha, na kocha alishika njia ya kwenda vyumbani yeye mwenyewe.

Irudieni ile video, safari hii bila sauti. Dakika za nyongeza zinakatika, matuta yananukia, Kepa ametoka kutibiwa misuli. Kipa wa akiba, Willy Caballero, yuko pembeni, tayari kuingia. Kepa anatikisa kidole, kisha anaonyesha viganja kwamba yuko sawa. Hapo bado hajamvunjia mtu heshima. Kipa anaweza kuamini kwamba benchi halijapata taarifa ya daktari, na baadaye Sarri mwenyewe alikiri kwamba taarifa ilichelewa kumfikia. Sasa mtazameni bosi. Anarusha mikono, anafoka, anaivuta nguo yake kama anayetaka kuivua, anaondoka kuelekea vyumbani, anasita, anarudi. Kepa anaona. Benchi zima linaona. Pep Guardiola, kocha wa City, hatua chache pembeni, anaona. Mwamuzi Jon Moss anamfuata kumuuliza kama mabadiliko yapo au hayapo, na jibu ni kwamba hayapo. Sheria ya 3 inasema anayetolewa akikataa kutoka, mchezo unaendelea, kwa hiyo Moss hakuwa na ubavu wa kumtoa mtu. Aliyekuwa nao ni Sarri, akaondoka nao kuelekea vyumbani.

Alitakiwa kufanya nini? Asimame ukingoni mwa eneo lake la ufundi, uso kwa uso na lango, mikono chini. Kibao kibaki juu. Amwite nahodha, Cesar Azpilicueta, amtume akamtoe kipa. Badala yake David Luiz ndiye tuliyemwona akienda kuzungumza na Kepa, akarudi mikono mitupu. Tangu John Terry aondoke mwaka 2017 nasema kile kitambaa cha unahodha hakina mwenyewe, na kila nikisema naambiwa naishi na ya kale. Haya, ya kale yangemwacha Kepa langoni?

Sarri alikuwa mtu wa benki kabla mpira haujamchukua moja kwa moja. Mhudumu wa dirishani akigoma kukabidhi funguo za sefu, meneja hatoki nje kupunga upepo, kisha akarudi na kumwachia funguo.

Wala si mara ya kwanza. Februari 10, baada ya kula 6-0 kwa City hawahawa, alipitiliza vyumbani bila kumpa Guardiola mkono, akasema hakumwona. Niliuliza hapahapa, kocha anayekimbia uwanja kipenga kikilia, wachezaji watamsoma vipi? Nikaambiwa nina chuki na Waitalia.

Kumbukeni Salvador, Julai 5, 2014, Kombe la Dunia, Uholanzi na Costa Rica. Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen mwishoni mwa dakika za nyongeza ili Tim Krul aingie kwa ajili ya matuta. Cillessen hakuwa ameambiwa mapema. Alikasirika, akapiga chupa teke, lakini alitoka, kwa sababu alijua yule mzee harudi nyuma. Krul alipangua mbili, Uholanzi wakashinda 4-3. Huyo ndiye kocha.

Na kiufundi hoja ya Sarri ilikuwa nzito. Caballero alikuwa amefanya mazoezi na wapigaji wengi wa City, na mwaka 2016, uwanja huohuo na kombe hilohilo, aliipa City ubingwa kwa kupangua penalti tatu za Liverpool. Mnaonitajia penalti ya Leroy Sane iliyookolewa, nitajieni na ya Sergio Aguero iliyompita Kepa chini ya mwili. City walishinda 4-3.

Mpango wa mchezo wenyewe ulikuwa mzuri: dakika 120 bila bao mbele ya timu iliyowapiga sita wiki mbili nyuma. Kumweka Kepa benchi Jumatano iliyofuata na kuwafunga Tottenham 2-0 Caballero akiwa langoni nako kulikuwa sahihi, ila kulichelewa siku tatu.

Kilichonikera zaidi ni taarifa ya klabu, ambamo Sarri alisema kulikuwa na kutoelewana. Kepa alikatwa mshahara wa wiki moja, fedha zikaenda kwenye taasisi ya hisani ya klabu, na faili likafungwa. Kama ningekuwa mimi ninayeandika barua za adhabu pale Stamford Bridge, zingetoka mbili, na ya kwanza ingekuwa na jina la kocha.