Kipande Chembamba

Mzee alisimamisha ncha ya chuma cha mshikaki kwenye kisahani, akashika mpini kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akateremsha kisu taratibu kutoka juu. Nyama ikaanza kujikunja kama ukurasa wa kitabu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuinasa kwa koleo dogo nililowekewa kando ya sahani, isije ikadondoka kabla kisu hakijafika chini. Nilipoiinua kuelekea dirishani, mwanga ulipenya.

Ilikuwa Jumapili mchana, Caxias do Sul, mji wa milimani katika jimbo la Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazili. Mgahawa wenyewe ni wa wajukuu wa Waitaliano. Malipo ni kwa kichwa, na ukishalipa unakula mpaka useme basi. Wabrazili wengi huuita mtindo huu rodízio, yaani mzunguko, kwa sababu chakula ndicho kinachozunguka na mlaji katulia. Watu wa jimbo lile wana jina lao, espeto corrido, mshikaki unaokimbia. Anayeuzungusha huitwa passador, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Nimesikia wengi wakiisifu migahawa ya namna hii kwa wingi wa nyama. Mwenye ng'ombe yeyote anaweza kuleta wingi. Kuugawa ndiko kunakohitaji fundi.

Waitaliano walianza kufika kwenye milima ile mwaka 1875, wengi wao kutoka Veneto, kaskazini mwa Italia. Huko kwao maskini waliishi kwa polenta, ambayo ni ugali wa mahindi, asubuhi polenta, jioni polenta, kitoweo hakuna. Kula mahindi matupu namna ile kuliwaletea ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharibika, mwisho akili inayumba. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi meza hii isiyokwisha ilitandikwa na kizazi cha watu walioijua njaa ndani nje, na nadhani ndiyo maana haina majivuno. Kila kinacholetwa hushushwa mezani polepole, kwa heshima.

Na polenta hawakuitupa. Husongwa kwa mwiko muda mrefu, humwagwa juu ya ubao, kisha hukatwa kwa uzi uliovutwa kwa mikono miwili, kwa kuwa kisu hunata na kuichafua. Vipande hukaangwa, au huwekwa juu ya makaa mpaka vifanye ukoko. Mimi niliyelelewa kwa ugali niliitambua harufu ile kabla sahani haijafika. Mahindi yalitoka bara la Amerika yakaenda Ulaya, yakafika na kwetu Afrika. Wale Waveneto wakayafuata tena huko yalikotoka, mwiko mkononi.

Inayokwenda na polenta ni nyama ya kuku, na kuku huyu ana historia yake. Wahamiaji wa mwanzo waliwinda ndege wadogo msituni, wakawachoma, wakawala na polenta kama walivyozoea kwao. Baadaye uwindaji ule ukapigwa marufuku, na nafasi ya ndege ikachukuliwa na kuku mchanga anayeitwa galeto al primo canto, kuku wa wiko la kwanza. Kiswahili kinalo neno lake hasa: pora. Si kifaranga tena, na bado si jogoo. Ndiyo kwanza analijaribu koo lake. Hulazwa kwenye chumvi, kitunguu saumu, divai nyeupe na majani ya sálvia yenye harufu kali, kisha huchomwa juu ya makaa. Mifupa yake ni laini, mtu anamla kwa mikono, na pembeni kuna radicci, majani machungu yenye siki, yanayousafisha mdomo ili utamani tena. Tambi zilikuja, supu ilikuja. Zote nzuri, lakini macho yangu yalikuwa kwa mzee.

Nimewahi kula katika mgahawa mwingine wa namna hii, nchi nyingine. Walianza kuniletea mikate ya siagi, viazi, soseji, kisha mapande ya nyama manene kama tofali. Dakika ishirini hazijapita nimeshiba, na ile nyama niliyoifuata sijaiona. Nilitoka nimevimbiwa, na moyoni najiona nimedhulumiwa. Tangu siku ile nikajua kwamba kumjaza mtu ni njia mojawapo ya kumnyima.

Sasa tazama anachokifanya fundi. Picanha ni nyama ya juu ya paja la nyuma la ng'ombe, karibu na mkia, yenye tabaka la mafuta upande mmoja. Huchomekwa kwenye chuma ikiwa imepindwa kama mwezi mchanga, mafuta nje, na kiungo chake ni chumvi ya mawe peke yake. Moto unapoipata, kinachoiva kwanza ni ngozi ya nje: mafuta yanachuruzika, chumvi inaingia, rangi inakolea. Ukikata pande nene, tonge la kwanza ni tamu na yanayofuata ni nyama ya kawaida. Ukikata nyembamba, kipande kizima ni ile sehemu iliyobusiwa na moto. Kisha chuma kinarudi jikoni, kinapata chumvi tena, na nyama iliyokuwa ndani inakuwa ngozi mpya. Mshikaki mmoja unaiva mara nne, mara tano. Kabla ya kutoka jikoni mzee aliupigapiga kwa mgongo wa kisu, chembe za chumvi zikadondoka kwenye sinia kama mchanga.

Meza ya jirani alikaa bibi mmoja na wajukuu zake. Kijana aliyetaka nyama mbichimbichi alikatiwa upande uliotazama chuma. Bibi hakuulizwa. Mzee alikigeuza kisu, akakata kwa kukatiza nyuzi za nyama badala ya kuzifuata, vipande vidogo vidogo ambavyo meno machache yanaviweza. Bibi akala, akaongezwa, akala tena. Sidhani kama aliona lolote limefanyika.

Nairobi kuna mgahawa wa Carnivore, tangu 1980, ambako nyama hupitishwa ikiwa kwenye mapanga ya Kimaasai, na mezani kuna kibendera: kikisimama wahudumu wanakuja, ukikilaza umesema basi. Ni utaratibu mzuri, nami naupenda. Mzee wa Caxias yeye alikuwa akitazama mikono. Nilipolisogeza koleo mbali kidogo na sahani, pasipo hata kukusudia, alinipita kimya. Baada ya mizunguko miwili akaja na chuma cha nanasi lililochomwa na mdalasini, akanikatia ubapa mmoja. Njaa ikarudi. Naye akarudi na picanha, kana kwamba alikuwa nyuma ya mlango akiisubiri.

Saa tisa ilipopita, wageni walikuwa wamebaki kwenye sagu, chembe za wanga wa muhogo zilizopikwa kwa divai nyekundu mpaka zikawa kama ushanga. Jikoni moto ulikuwa umeshuka, majivu yamefunika makaa. Mzee alinoa kisu kwanza, akakifuta kwa kitambaa, akaketi kwenye benchi la wafanyakazi na mshikaki wa mwisho. Juu yake ilikuwa imebaki ile nyama iliyoshikana na chuma, ambayo wageni hawafikiwi nayo. Akajikatia pande moja, nene kama kiganja, akalilaza juu ya polenta, akaanza kula bila haraka.